Kovu Moja, Hadithi Tatu

Admin, nifiche vizuri, maana mume wangu naye yumo humu. Nina miaka 38, mzaliwa wa Tanga, nashona nguo Rosettenville, hapa Johannesburg. Ndoa yetu ina miaka kumi na minne. Mume wangu ni mlinzi, mpole, swala tano. Sikuwahi kumshuku hadi mwezi uliopita.

Shuleni kwa binti yetu wanaigiza hadithi ya kale ya Wagiriki. Yeye kapewa nafasi ndogo, ya bibi mtumishi anayemwosha mgeni miguu, akaona kovu, akajua kumbe ni bwana mwenye nyumba aliyepotea miaka mingi. Akaleta beseni sebuleni afanye mazoezi na baba yake. Baba akagoma kuvua soksi, mtoto akabembeleza hadi akavua.

"Eish, Papa, hili kovu ulilipataje?"

"Mbwa aliniuma nikiwa mdogo."

Nikasimamisha cherehani. Mimi siku zote nimeambiwa alianguka kutoka juu ya mnazi.

Kesho yake nikampigia mama mkwe, nikajifanya natania kuhusu utundu wa mwanawe na kovu lile. Akashangaa. "Kovu gani tena, mwanangu? Huyu kaondoka hapa mtu mzima, miguu yake safi."

Jioni nikamweleza mume wangu. Akamaliza chai yake taratibu. "Mama kazeeka, usimsumbue." Asubuhi mama mkwe akapiga mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Nimekumbuka, mwanangu. Alianguka na baiskeli." Nikauliza, mbona mwanawe alisema mnazi? Akakata simu.

Jamani, mbwa, mnazi, baiskeli! Na mimi ni fundi, mshono naujua. Kovu lile lina alama za nyuzi, na la utotoni lingetanuka kadiri mguu unavyokua. Hili limebanana vilevile, kalipata ukubwani. Alikaa Joburg miaka minne kabla hatujaonana, na nikimuuliza miaka hiyo hujibu, "Nilihangaika tu." Sasa anamshinikiza mtoto aombe nafasi nyingine kwenye mchezo. Naogopa, sifichi.

Jana nikamuuliza binti yangu yule bibi alifanya nini baada ya kujua.

"Anakabwa shingo na yule bwana, Mama, anaambiwa asiseme. So ananyamaza."

Lakini yule bibi alijua aliye mbele yake ni nani. Mimi je, miaka yote hii nalala na nani? Ndugu zangu, nishaurini. Nimbane aseme, au na mimi ninyamaze?