Harusi Iliyoagizwa Kuuawa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, zikiwa zimebaki siku chache nivae shela, baba mdogo aliingia mbio uani kwetu, mtaa wa Kanyenye, kofia mkononi. Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyetawala Tanganyika, na baba mdogo alikuwa amewapikia Wazungu miaka mingi. Kiingereza chake kiliaminiwa mtaa mzima.

Alikuwa anatoka stesheni. Huko alimwona mkubwa wa kazi wa mchumba wangu Kasimiri. Kasimiri aliandikia gazeti moja la Dar es Salaam. Mkubwa huyo, safarini kwenda Kigoma, alikuwa akiongea Kiingereza na msaidizi wake, na baba mdogo akasikia kwa masikio yake: harusi ya Kasimiri iuawe.

"Kil," alimwambia baba. "Neno hilo nalijua. Ndilo nililoambiwa kila nilipotakiwa kuchinja kuku."

Papo hapo baba akasema harusi imesimama. Wajomba wakaingia ndani kutafuta pinde. Na wageni wetu wa kijiji cha Lusu walikuwa tayari njiani, pombe nayo imeshaanza kuumuka mitungini! Mimi nilijifungia chumbani nikalia, nikiamini Kasimiri ana mke mwingine huko pwani. Sikio halilali njaa, mwanangu. Likikosa ukweli hujilisha lolote.

Bibi yangu Kalunde aligonga mlango mpaka nikafungua. Akaketi kitandani, akauliza Kasimiri amejibu nini. Nikasema sijamuuliza.

"Kumbe unamlilia mtu ambaye hata hujamuuliza?" akasema, bila ukali, nami nikaona aibu.

Kisha akatoka uani kumwuliza baba mdogo huyo muuaji alikuwa akifanya nini. Baba mdogo akakiri kwamba alikuwa akila karanga na kucheka.

"Basi hana haraka ya kuua," bibi akasema. "Kamwiteni, aje na bwana harusi."

Wakaja wote wawili. Kasimiri akampa baba shikamoo. Marahaba ilitoka kwa shida. Yule mkubwa aliposomewa shtaka lake, alijizuia kucheka mpaka machozi yakamtoka. Akaeleza kwamba gazetini, kuua habari ni kuiondoa isichapwe. Kasimiri alikuwa amepeleka habari ya harusi yetu, lakini ukurasa ulikuwa umejaa habari za nzige. Tena neno hilohilo, akasema, wao humwambia mwenzao aliyewachekesha sana: umetuua.

"Nilichoua ni habari, mzee," akamwambia baba. "Harusi yenyewe naomba nialikwe."

Baba akacheka, na wajomba wakarudisha pinde kimya kimya. Kigoma ikabidi isubiri. Jumamosi mgeni wetu alikuwa kanisani, benchi la mbele, na jioni alicheza na watu wa Lusu mpaka viatu vikamshinda akavivua. Gazetini hatukutokea kamwe, lakini Kasimiri nami tulizeeka pamoja.

Basi, mwanangu, mji wetu huu umepokea maneno ya watu wengi tangu enzi za misafara, na neno moja huwa na kazi nyingi kama mtu mwenye watoto wengi. Likikuchoma, mwendee aliyelisema, umuulize alikusudia nini, kabla hujalia na kabla hujashika upinde. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mungu akujalie sikio lenye subira, na ua wako usikaukiwe na kicheko wala wageni wa kucheza ngoma.