Nesi Anayejua Kiuno cha Mke Wangu

Mtaani hapa hakuna fundi cherehani wa kunifikia. Mwanamke akipita tu mbele ya kibanda changu, kiuno chake nishakipima kwa jicho. Sasa niambie, mtu kama mimi ananyang'anywaje mke na nesi?

Mke wangu ana saratani ya ovari. Hospitali kuna nesi wa ugonjwa huo tu, tunamwita Sista. Zamani alikuwa wodi ya wazazi, akapokea watoto wa watu weee, kisha akarudi darasani kusomea saratani za kina mama. Kafupi, kanatembea kama kameacha maziwa motoni.

Mimi nikiuliza, "Mama watoto, umeamkaje?" najibiwa, "Salama." Basi. Sista akipiga simu, mama huyo anatoka nje, anaongea mpaka chaji inaisha! Wivu ukanipanda. Juzi nikajibanza nyuma ya mlango.

"Sista, sketi zimenikataa tena. Nikila vijiko viwili tu, nimeshiba."

Sketi zenyewe nazilegeza mimi! Tena kwa kucheka: "Unanenepa, mama, mapenzi hayo!"

Sista akamwita siku hiyo hiyo. Nikafuata, sura nimeikunja. Akamminya tumbo polepole, halafu akanigeukia.

"Fundi, kiuno kimeongezeka haraka?"

"Kila nikishona, nafumua."

Daktari akapima kwa mashine. Si unene, ni maji yamejaa tumboni, yatolewe leo.

"Siku nyingine nipigie wewe," Sista akaniambia.

"Huyu?" mke wangu akaruka. "Nimwambie habari za tumbo asubuhi, mchana wateja wanazichekea kibandani?"

"Mama watoto, mdomo wangu kaburi!"

"Kaburi lisilofukiwa."

Sista akacheka mpaka akashika ukuta. Mke wangu naye, hoi. Mimi nimekaa pembeni kama kipande cha kitambaa kilichobaki. Nilimchukia yule nesi, Mungu anisamehe.

Ikaletwa sindano ya kutolea maji. Ndefu! Mke wangu akaiona, kicheko kikakatika. Sista kasimama upande huu, mimi ule. Utani ukanifika ulimini, nikaumeza.

Mke wangu akageuka kwangu.

"Baba watoto, naogopa."

"Nipo," nikasema, nikamshika mkono.

Halafu nikamtazama Sista, kidevu juu. Umesikia kaambiwa nani?