Korosho Tatu Hadi Mzenga

Mume wangu hakuwahi kupima safari kwa maili. Ukimuuliza kutoka kwetu Visiga hadi Mzenga ni mbali kiasi gani, atakujibu, "Hodi tatu," na hapo kamaliza. Maana yake njiani kulikuwa na nyumba tatu ambazo mwenye baiskeli angeweza kusimama, akabisha, akapewa maji na kigoda, akaulizia hali ya njia huko mbele. Alikuwa bwana shamba. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa baiskeli akikagua mikorosho ya watu. Mimi nilikuwa mwalimu, nafundisha jiografia, ramani ninayo ukutani, na ramani yangu aliicheka sana. "Hiyo haina hata mtu mmoja wa kukupa maji," alisema.

Mimi ni wa Matombo, chini ya milima ya Uluguru. Aliponioa akanileta Visiga, mwaka wa kwanza nilidhani nitaugua. Si kwamba watu walikuwa wabaya, wema tele. Lakini tambarare ile, jamani! Unafungua mlango asubuhi, macho hayana pa kuegemea. Nilikuwa nalia jikoni, nikiulizwa nasingizia moshi. Yeye hakudanganyika. Siku moja akaniambia kwamba huko Mzenga kuna kilima, ukikipanda asubuhi baada ya mvua kubwa, hewa imeoshwa, unaiona Uluguru imekaa kule magharibi.

"Nitakupeleka kwa baiskeli," akasema. "Ukaitazame milima yako, uache kuzisingizia kuni zangu."

Kwetu nilikuwa naenda kwa basi, Krismasi kwa Krismasi. Lakini nilichokitaka kilikuwa kingine. Nilitaka kujua kwamba naweza kutoka nyumbani kwangu, kwa nguvu zangu, nikaifikia sehemu ambayo milima inaonekana. Na nilitaka twende wawili, mimi na yeye, bila mtoto mgongoni wala mzigo wa mtu kwenye keria.

Basi tukawa tunaipanga. Jioni, baada ya chakula, anafagia mchanga uani, anachuchumaa, anakusanya vilima kwa viganja na kuchora mabonde kwa kidole. Halafu anaweka korosho tatu zenye maganda. Ya kwanza ilikuwa mzee wa njiwa, pale Janga, tukishaacha lami ya Mlandizi. Ya pili, familia yenye kisima, kule chini baada ya kuvuka reli. Ya tatu, bibi mfinyanzi, peke yake chini ya kilima chenyewe. Baada ya hapo hakuna korosho, ni kusukuma baiskeli tu hadi juu.

"Mimi nitakaa kwenye keria," nilimwambia.

"Kwenye kilima kile? Utanizika! Wewe utapanda ya kwako."

Akanifundisha kuendesha, nyuma ya shule, watoto wakishangilia kila nilipoanguka. Wazee wa mtaa walinung'unika kuona mwalimu wa kike juu ya baiskeli, gauni limekunjwa. Nikawaambia shikamoo, nikapita.

Ugumu ulikuwa bonde la korosho ya pili. Udongo wa pale mweusi, ukinyeshewa unang'ang'ania tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Sasa angalia balaa lenyewe: mvua isiponyesha, milima haionekani, ikinyesha, bonde halipitiki. Tulibishana juu ya hilo mwaka mzima. Mimi nataka tupite juu, tuzunguke na mgongo wa kilima. Yeye anasema huko juu hakuna wa kumbishia hodi. Mwisho tukakubaliana kungoja mvua za vuli ziishe, jua lipige kidogo, kisha twende mbio kabla vumbi halijarudi hewani.

Mara mtoto wa kwanza. Mara wa pili. Mara njaa ile ya unga wa njano wa msaada. Kisha watu wakaanza kuhamishiwa kwenye vijiji vipya, na yeye akapewa kazi ya kwenda kupima viwanja kando ya barabara na kuwahamishia watu huko. Akawa anarudi amechakaa, anakula na kulala. Nilidhani mchanga wetu umekwisha. Lakini jioni moja akafagia uani tena, akaweka korosho zake tatu palepale pa zamani.

"Huyu bibi mfinyanzi si umemhamisha mwenyewe?" nikamuuliza. "Na wa kisimani je?"

"Najua," akasema. Korosho hakusogeza hata moja.

Tulikwenda mwaka uliofuata, vuli ilipokwisha. Baiskeli ya pili tuliiazima parokiani. Sijawahi kufurahi namna ile, nakwambia! Mzee wa njiwa alikuwapo bado, akatupa maji na muhogo wa kuchemsha, akayacheka magoti yangu yaliyochubuka. Tukavuka reli, tukateremka bondeni, udongo umekauka vizuri kabisa. Kisimani hapakuwa na mtu. Paa lilikuwa limeezuliwa, mlango umeng'olewa, kisima kimefunikwa na nyasi. Akashuka, akavua kofia, akasimama mbele ya lile tundu la mlango.

"Hodi," akaita. Kimya. "Hodi." Kimya. Akaita ya tatu. Kisha akarudi kwenye baiskeli, tukaendelea.

Kwa bibi mfinyanzi tulikuta vyungu vimepasuka uwanjani na ukuta mmoja umelala. Kilima kilikuwa palepale, kijani, nakiona mpaka miti yake ya juu. Akavua kofia tena, akabisha mara tatu. Mnajua desturi yetu: ukibisha hodi mara tatu usijibiwe, unaondoka, hukatizi uani kwa mtu, na njia ya kilimani ilikatiza uani kwa bibi. Akageuza baiskeli.

"Unakwenda wapi?" nikapiga kelele. "Hilo ni gofu, si nyumba! Kilima hicho hapo!"

"Nilimwambia bibi atafurahi huko barabarani," akasema. "Nilimshika mkono mwenyewe. Leo siwezi kupita hapa, mke wangu. Tutakuja tena."

Nilinuna mpaka Mlandizi. Hapo nikamwona anafuta macho kwa mkono wa shati, nikasogeza baiskeli yangu karibu na yake, tukaenda sambamba.

Hatukuja tena. Vita vikapita, bidhaa zikaadimika, tairi la nyuma tukalishona kwa kamba ya katani likawa linaruka kila mzunguko. Bado jioni nyingine alifagia mchanga. Akaugua vuli ikianza, masika hayakumkuta. Nikiwa nakunja nguo zake nilizikuta zile korosho mfukoni mwa koti la kazi, nyeusi kwa kushikwashikwa. Nililia, na siku hiyo sikumsingizia mtu moshi.

Nilikaa muda mrefu bila kuigusa baiskeli yake. Watoto walikuwa wakubwa wakati nilipoitoa, nikaitia upepo, na baada ya mvua kubwa ya vuli na jua kidogo nikaondoka peke yangu alfajiri. Pale Janga, mzee wa njiwa alikuwa amekwisha kufa. Kisimani nilibisha mara tatu, nikajiambia hata kwa bibi nitapita, mimi si yeye, nikaendelea. Kwa bibi mfinyanzi ukuta ulikuwa umesimamishwa upya. Sikuzingatia. Macho yalikuwa kilimani. Nikabisha kwa mazoea tu.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi." Kimya. "Hodi jamani!"

"Karibu! Ngoja nanawa mikono, nina udongo!"

Nikajishikilia kwenye usukani. Akatoka bibi kizee, ameinama, mikono inachuruzika maji. Watu walikuwa wameanza kurudi kimyakimya kwenye mashamba yao ya zamani, na yeye alikuwa amerudi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu." Akaitazama baiskeli, akaigusa kengele, uso ukamchanua. "Hii ya bwana shamba! Basi wewe ndiye yule mke wa milimani. Alikuwa kila akija hapa ananiambia, siku moja nitakuletea, umpe maji kabla hajapanda." Akachungulia njia niliyotoka, kiganja juu ya macho. "Mwenyewe yuko wapi?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Haki ya Mungu nilitaka kumwambia.

"Yuko nyuma," nikasema. "Anasukuma."

"Haya, atakuja. Nitamwekea maji yake."

Nikanywa ya kwangu kwenye kata ya kifuu, nikashukuru, nikasukuma hadi juu. Hewa ilikuwa imeoshwa. Uluguru ilikuwapo kweli, ya buluu, mgongo kwa mgongo, vilevile alivyoniambia. Niliitazama kidogo tu. Kisha nikageuka, nikakaa chini juu ya majani mabichi, nikawa natazama bondeni, kwenye njia niliyopandia, mpaka jua likawa kali na bibi akaniita nishuke nile.