Mkuja Huacha Lini Kuja?

Mpaka leo sijajua mtu akae mahali miaka mingapi ndipo waache kumwita mkuja. Neno limetokana na kuja, lakini halijali ulikuja lini.

Juzi nilikuwa nangoja barua katika ofisi ya kijiji kimoja cha delta. Mbele yangu mjane alitaka shamba la mpunga alilolima na marehemu mumewe liandikwe jina lake. Karani akashika kalamu.

"Mama, mwenyeji au mkuja?"

"Nimeolewa hapa nikiwa mwari, mwanangu. Nimezaa saba."

"Ulikuja, hukuja?"

"Nilikuja. Kwetu Umatumbi."

"Basi mkuja. Mashamba ni ya wenyeji kwanza."

Mwenyekiti, aliyekuwa akichokonoa meno kwa njiti, akamuuliza karani kwao wapi.

"Mimi sikuja, mzee. Nililetwa na serikali, mwezi uliopita."

Hoja nzito hiyo. Sote tuliokuwa kwenye foleni tuliinamisha vichwa kwa heshima.

Mwenyekiti akaamua kuwa shamba ni la mama, na lipimwe siku hiyohiyo. Kazi ya kupima akapewa karani. Kwa kuwa hakujua njia, mkuja akamtangulia.