Sailensa Niliyoitoa kwa Hiari

Sailensa ya gari langu, ile ya kupunguza kelele za injini, niliitolesha kwa hiari yangu, na sina wa kumlaumu. Gari lilikuwa dogo, kuukuu, la injini ndogo. Nilikuwa karani Meru mjini, na fundi mmoja nyuma ya soko la Gakoromone aliniambia, "Hii ya kampuni inakaba injini, bosi. Wacha ipumue, utaona vile itapaa." Akaikata, akachomelea bomba pana lililonyooka. Alipowasha, mabati ya kibanda chake yalitetemeka. Nilicheka kama mpumbavu niliyekuwa.

Kwetu ni bondeni, upande wa Runyenjes, na kutoka nyumbani hadi lami ni kupanda kilima tu. Kiangazi chote, kila Jumapili nikirudi Meru, nilikipanda kwa kasi, nikinguruma, watu wakitoka kanisani. Kwenye lami, nikikanyaga mafuta sana, kweli gari lilichangamka kidogo. Lakini kwa mwendo wa polepole, gia ya kwanza, lilikuwa limelegea. Fundi mwingine alinieleza baadaye, kwa upole ulioniuma: bomba pana mno kwa injini ndogo, moshi hutoka kwa kasi ndogo, na injini hukosa mvuto wa kupandia mlima. Mimi nilikuwa nimepewa kelele nikadhani ni nguvu.

Kijijini kwetu, wakati wa mvua, gari likikwama huna haja ya kuita mtu. Watu husikia injini ikihangaika, wakatoka mashambani kuja kusukuma. Hakuna anayeombwa.

Asubuhi moja ya mvua kubwa, baba alianza kushindwa kupumua. Nilimlaza kiti cha nyuma, mama akamshika kichwa, nikaelekea hospitalini. Katikati ya kilima gari liliishiwa nguvu. Nikakanyaga mafuta, mngurumo ukajaa bonde zima, magurudumu yakachimba matope. Hakuna aliyekuja. Nilimwona mtu akichuma chai pale juu. Aliinua kichwa, akatutazama, akarudia majani yake. Nilimchukia.

"Zima hiyo kitu," baba alisema kwa shida. "Piga nduru."

Sikuzima. Niliogopa gari lisije likarudi nyuma, na niliamini kwamba nikikanyaga mafuta kidogo zaidi litapanda. Nikakanyaga tena, na tena, sijui kwa muda gani. Mama aliponipiga begani ndipo nikazima.

Nikafungua mlango nikapiga nduru. Walikuja mbio, wengine na vikapu vya chai bado mgongoni. Jirani yetu, akiinama kusukuma, hata hakunikasirikia.

"Tulikusikia kutoka mwanzo," alisema. "Tulifikiria ni ile maringo yako ya Jumapili."

Walilifikisha gari kwenye lami kwa dakika chache tu. Nikashika ufunguo niwashe, nikageuka kumwangalia mama. Alikuwa amemfunika baba uso kwa leso yake.