Mkono wa Gauni Uliobebwa na Kanjo

Ninashona nguo kwenye veranda ya duka langu huku Mwiki, na leseni nimeitundika ukutani, mahali hata anayepita haraka anaiona. Asubuhi hiyo nilikuwa na bibi harusi. Alisimama nyuma ya pazia, gauni mwilini, mkono mmoja nimeshamaliza, wa pili uko chini ya sindano. Alikuwa anaolewa kesho yake, kule Theta.

Lori la kanjo, wale askari wa kaunti, likasimama. Askari watatu wakashuka na kushika cherehani yangu nikiwa bado nimekaa mbele yake.

"Leseni ile pale!" nikawaambia.

"Hiyo ni ya duka, mathe. Veranda si duka," mmoja akajibu. Hata kuitazama hakuitazama.

"Basi ngoja nitoe nguo ya wenyewe."

Hakungoja. Cherehani ikarushwa ndani ya lori, juu ya vitunguu na ndizi za watu, mkono wa gauni ukiburutwa nayo.

Hapo bibi harusi akatoka, miguu mitupu, bega moja wazi, akapanda lori mbele ya soko zima.

"Mkienda na mkono wangu, mnaenda na mimi!"

Nikapanda pia. Ningemwacha aende peke yake?

Kwenye yadi yao, mkubwa wao alikuwa anakunywa chai. Akamtazama msichana, akatazama pembeni.

"Mpeni kitambaa chake aende."

"Na cherehani yangu?"

"Hiyo mtaikuta kortini."

Askari akavuta kitambaa kwa nguvu badala ya kuinua sindano. Nilisikia kikiraruka. Ngai! Nililia kama mtoto, si kwa huzuni, kwa hasira.

Mchana huo nilikaa kitandani kwa kina msichana, mama yake akinishikia kitambaa, nikashona ule mkono kwa vidole vyangu na kufunika palipochanika kwa lesi. Aliolewa, na alipendeza.

Kortini hakuna askari aliyejitokeza, kesi ikatupwa. Nilipoenda kuchukua cherehani nikaikuta nje, imenyeshewa wiki nzima, kutu kila mahali, mkanda haupo. Hakuna aliyesema pole.

"Shukuru Mungu umeipata," karani wa yadi akaniambia.

"Mungu namshukuru kila siku," nikamjibu. "Lakini si yeye aliyeiacha kwenye mvua. Ni nyinyi."