Ijumaa ya Pampu ya Petroli

Gari letu lilikuwa na wenyewe watatu na jina moja. Jina lilikuwa langu, kwa kuwa kati yetu ni mimi tu niliyekuwa na leseni ya Qatar, na istimara, ile kadi ya usajili, haiandikwi watu watatu. Mwenzetu wa pili alikuwa mlinzi wa hoteli, Mkenya wa Kakamega, aliyeishi chumba cha jirani na changu Al Mansoura, mjini Doha. Wa tatu alikuwa dada mmoja wa Unguja, mpishi wa familia ya daktari huko Najma. Mimi nilikuwa dereva wa familia nyingine. Gari la kazini lilikuwa kubwa na jeupe, lakini nilipewa funguo zake pale tu palipokuwa na mtu wa kumpeleka mahali.

Nimeahirisha kuandika habari hii kwa miaka. Kila nilipoanza nilijikuta naandika habari za injini, kwa sababu hizo naziweza.

Niziseme kwanza, basi, zipite. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, injini ya lita moja na pointi tatu, buti fupi nyuma. Mita zake hazikuwa mbele ya dereva bali katikati ya dashibodi. Watu waliona kioja. Mimi nilisoma nikaelewa: mita zikikaa katikati, dashibodi haibadiliki sana kati ya gari la usukani wa kushoto na la usukani wa kulia, na gharama inapungua. Kwa hiyo gari lilelile lililokuwa likipeleka makarani kazini Doha lilikuwa pia teksi Dar es Salaam, likiwa na jina jingine na usukani upande wa pili. Letu lilianza maisha kwenye kampuni ya kukodisha, likaenda kwa karani wa duka la vitambaa, ndipo likafika kwetu, miaka ya 2000 ikielekea mwisho. Rangi ya paa ilikuwa imeanza kuliwa na jua. Kipoza hewa kilifanya kazi vizuri, na kule hilo ndilo la kwanza kuuliza.

Magari nilijifunza kwa kusoma. Niliishia darasa la saba. Vitabu vya ufundi nilivichapisha kurasa kumikumi kwenye duka la intaneti Najma, nikavisoma na kamusi pembeni, maneno machache kila siku. Baada ya miaka mitatu watu wa nyumbani walianza kunichukua wanapokwenda kutazama gari la kununua. Walinisikiliza. Sikuwahi kusikilizwa hivyo kabla, na sitaki kuficha kwamba nilipenda.

Gari tulilinunua kwa sababu ya safari ambazo basi halifiki. Mlinzi alikuwa na kanisa lake na shule ya udereva. Dada alikuwa na mdogo wake wa kike, yaya katika nyumba moja Al Wukair, ambaye hakuruhusiwa kutoka peke yake. Ila Ijumaa alasiri mama wa nyumba alimruhusu kupokea mgeni jikoni kwa saa mbili. Al Wukair ya wakati ule ilikuwa nyumba mpya katikati ya vifusi, na teksi nyingi zilikataa kwenda. Basi Ijumaa baada ya swala ilikuwa zamu ya dada, siku ya mapumziko ya mlinzi ilikuwa ya mlinzi, na jioni zilizobaki zilikuwa zangu. Kuendesha nilikuwa naendesha mimi zamu zote.

Kanuni niliiandika mwenyewe kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya kisanduku cha dashibodi. Siku ya mtu ni siku yake. Haulizwi anakwenda wapi, kwa nani, wala kwa nini. Ilikuwa kanuni nzuri. Sote watatu tulikuwa watu wa kuulizwa kutwa: umetoka wapi, ulikuwa ukizungumza na nani kwenye simu, mbona umechelewa. Tulitaka pawe na mahali pamoja, hata kama ni kiti cha nyuma cha gari dogo, ambapo mtu anakaa bila kuhojiwa.

Jumatano moja dada alinipigia.

"Kaka, Ijumaa hii tutoke mapema, tafadhali. Mdogo wangu ana safari."

"Hamna shida," nikasema.

Sikuuliza safari ya wapi, wala ya muda gani. Siku hiyo nilinyamaza kwa heshima.

Alhamisi alinipigia mtu mwingine. Alikuwa mhasibu, mtu wa kwetu, mmoja wa kundi la wenye kazi za maofisi waliokuwa wakikutana Ijumaa kwenye nyumba ya mwenzao. Nilikuwa nimemsaidia kuchagua gari mwezi uliopita.

"Kesho tuko wengi," akasema. "Kuna watatu wanataka kununua hivi vigari vidogo. Njoo na chako, utueleze historia yake, ubora wake, nini cha kuangalia. Sisi tumesoma lakini haya hatuyajui, mwalimu wangu."

Aliniita mwalimu. Nilikaa kitandani nikaandika kurasa kumi na nne.

Kisha nikapiga hesabu. Kutoka Najma hadi Al Wukair, kumshusha dada, kurudi mjini, kwenda kwenye nyumba ile: ningechelewa nusu saa. Nusu saa tu. Na jioni ningemrudia. Nilijua yote hayo, kwa sababu niliyaandika kwenye ukingo wa ukurasa wa kwanza. Lakini sikutaka kuingia watu wameshakaa, nikapeana mikono nikiwa nimeinama kama mtu aliyekuja kuleta chakula. Nilitaka kufika wa kwanza, gari limeoshwa, boneti iwe tayari kufunguliwa.

Safari, nikajiambia, ni likizo ya kiangazi. Familia zote huenda kiangazi na hurudi. Sikuwa na hakika. Ningeweza kuuliza kwa maneno mawili, lakini sasa kanuni ilinikataza kuuliza, na nilifurahi kwamba inanikataza.

Ijumaa asubuhi nikampigia.

"Dada, gari limegoma."

"Limegoma? Leo?"

"Pampu ya petroli. Starta inazungusha injini vizuri, lakini petroli haifiki mbele. Ukitega sikio kwenye tangi husikii ule mlio wake."

"Na halitengenezeki hata kidogo?"

"Gereji za Sanaiya zimefungwa leo. Mpaka kesho."

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini.

"Haya, kaka. N'tatafuta teksi. Na wewe pole, maana najua gari hilo unavyolipenda."

Uongo wa kawaida ungekuwa wa kusema naumwa. Mimi nilitumia kile alichoniamini nacho. Mtu asiyejua magari hana la kumjibu anayejua, nami nilimpa mpaka mlio wa kwenye tangi, ili asibaki na swali.

Kwenye ile nyumba nilifika wa kwanza. Niliwaeleza habari za mita za katikati, na wawili walitoka nje kutazama. Nilikuwa ukurasa wa tatu wakati chakula kilipoletwa. Watu walinawa, mazungumzo yakaenda kwenye viwanja vya Dar es Salaam na shule za watoto. Nilikaa na karatasi zangu mapajani nikingoja yarudi kwangu. Baada ya chai mwenye nyumba alinigusa bega.

"Bwana, wewe si unarudi Al Mansoura? Shemeji yangu na watoto wanakaa upande huohuo. Ungetusaidia kuwafikisha."

Niliwafikisha. Mtoto mmoja alitapika kwenye kiti cha nyuma, mahali alipokuwa akikaa dada.

Nilipoegesha, mlinzi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jengo, bado na suruali ya kazi, akimenya chungwa.

"Buda," akasema, "dada yetu amenipigia mchana. Ati niende nikusaidie kusukuma gari, imekufa."

"Ndiyo."

"Nimeshuka hapa kwa parking, nikakuta nafasi tupu. Nikajiuliza, hii maiti imeamka ikaenda wapi? Au imejiendesha mochari yenyewe?"

"Iliwaka baadaye."

"Iliwaka." Akaweka kipande cha chungwa mdomoni, akakitafuna mpaka kikaisha. "Na ikaenda ikaoshwa. Na ikanunuliwa air freshener. Hiyo ni ufufuo kabisa, mzee. Sisi kanisani tungeimba."

Hakucheka. Nilimwomba asiseme kitu. Akaniambia hakuwa na mpango wa kusema, kwa sababu hata akisema, dada atapata nini? Halafu akanieleza kilichotokea, kwa kuwa yeye alikuwa ameongea naye mara ya pili.

Dada alisimama barabarani karibu saa nzima. Teksi ya tatu ndiyo iliyokubali. Alipofika Al Wukair geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi wa nyumba ya jirani akamwambia familia imeondoka kwenda uwanja wa ndege, wote, na yaya. Bwana wa nyumba amehamishiwa kazi nchi nyingine. Haikuwa likizo. Simu ya mdogo wake ilikuwa imezimwa, na namba ile haikupatikana tena.

Sikwenda kwake siku ile, wala kesho yake. Nilitumia Jumamosi kufanya jambo ambalo linaniumiza zaidi kulikumbuka kuliko lile la kwanza. Nilikwenda Sanaiya, kule kwenye magereji, nikanunua pampu ya petroli, nikang'oa ile nzima, nikafunga mpya, na kwenye daftari la gari nikaandika tarehe na kazi iliyofanywa. Nilitaka uongo wangu uwe na kifaa ndani yake.

Ijumaa iliyofuata dada alikuwa anangoja mahali pake pa kawaida, na mkoba wake. Aliingia kiti cha nyuma.

"Assalamu alaykum, kaka. Pampu imepona?"

"Wa alaykum salaam. Imepona. Nimeweka mpya."

"Alhamdulillahi."

Akatoa mkebe, akaunyoosha mbele. Vileja, vya unga wa mchele na hiliki.

"N'livipika kwa ajili yake. Kuleni nyinyi, visije vikaharibika. Na mwenzetu umpelekee."

Nikala kimoja nikiwa naendesha, kwa sababu alikuwa akinitazama kwenye kioo. Kwenye taa nikajipangusa chenga mdomoni. Nilimuuliza anakwenda wapi. Ilikuwa mara ya kwanza kuvunja kanuni. Akasema kuna darsa ya wanawake wa Unguja huko Al Wakrah, nimpeleke huko, na Ijumaa zijazo pia, kwa kuwa sasa hana pengine.

Nilimpeleka kwa zaidi ya miaka miwili. Sikuchelewa hata mara moja. Nilimsubiri nje, nilifuta kiti chake kabla hajaingia. Alinishukuru kila mara kwa jina la Mungu. Nami nilijihesabia kwamba nalipa, kidogo kidogo, deni ambalo mwenyewe hakujua analidai. Wakati mwingine aliniuliza hali ya pampu, na nikamweleza.

Dada alikuja kumpata mdogo wake kwenye simu baada ya mwaka na miezi. Kuonana, walikuja kuonana nyumbani Unguja, baada ya miaka sita. Huyo mdogo aliondoka Doha akiamini dada yake hakutaka kuja kumuaga, maana siku chache nyuma walikuwa wameteta kidogo juu ya mambo ya nyumbani. Hilo nililijua baadaye.

Dada aliondoka Qatar kabla yangu. Mlinzi alipata leseni, akawa dereva wa hoteli yake, akanunua gari lake, na kila alipopita akaniona alinipigia honi bila kunitazama. Mimi nilibaki na gari letu mpaka katikati ya miaka ya 2010, lilipoanza kukataliwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Nililiuza kwa fundi aliyelitaka kwa vipuri.

Mwaka huu, nikiwa nimesharejea nyumbani, nilimpigia dada nikamwambia. Nilikuwa nimeandika cha kusema, nikakisoma. Ijumaa ile pampu haikuwa na ubovu wowote. Nilikwenda kwenye mazungumzo ya watu wengine. Nilijua mdogo wako ana safari.

Nyuma yake nilisikia mtu akipepeta mchele.

"Kaka," akasema, "mimi n'likuona."

Nikamuuliza wapi.

"Hapo Najma, nimesimama natafuta teksi. Ulipita. Kioo umeshusha, gari linang'aa, kanzu imepigwa pasi. Nikakupungia mkono, nikafikiri umekuja kunichukua."

"Mbona hukusema? Miaka yote ile?"

"Ningesema, ungeona haya, ukaacha kunipeleka. Leseni yako, gari jina lako. Na mimi n'likuwa na Ijumaa nyingi mbele yangu." Akaongeza: "Vile vileja n'likupa nikutazame unavyokula."

Nilisema nisamehe. Akasema amesikia. Nikamwomba namba ya mdogo wake, nimweleze mwenyewe kwamba kosa halikuwa la dada yake. Akajibu kwamba hatoi namba ya mtu bila idhini. Atamuuliza kwanza mwenyewe kama anataka kusikia sauti yangu. Huu ni mwezi wa nne tangu nimpigie. Jibu sijaletewa, nami sijapiga tena kuulizia.